Nilivyowaeleza wakwe asili ya neno malaria

Marafiki, nimeumbuka ukweni, na jua bado halijazama.

Asubuhi nilitoka Bukoba kwenda Buganguzi, Muleba, kujitambulisha kwa wazazi wa Koku, mchumba wangu. Tangu njiani nilikuwa kama ninaelea. Ukungu ulilala juu ya migomba. Mibuni ilikuwa imechanua maua meupe, na vilima vilisogea taratibu kama vinapumua. (Nikajiambia: haya ndiyo mapenzi.)

Sebuleni walikuwa wametandaza nyasi mpya. Tukaketi. Baba Koku akanipa kahawa ya kutafuna, kisha akaanza kunipima.

"Koku anasema unasoma sana. Ulisoma nini juzi?"

Bahati iliyoje! Nilikuwa nimesoma asili ya neno malaria.

"Ni Kiitaliano, tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kihaya. " Mala ni mbaya, aria ni hewa. Watu wa zamani waliona wanaokaa karibu na vinamasi wanaugua homa, wakadhani ni hewa ya pale. Kumbe mbu!"

"Waitu!" mzee akasema, ameridhika. "Endelea."

Nikaendelea. Sauti yangu niliisikia ikitoka mbali, ng'ambo ya ziwa. Koku wakawa wawili, wote wazuri. (Bado niliamini ni mapenzi.)

"Na mbu huyo, tata, ni jike..."

Nikalala. Katikati ya sentensi. Kichwa kwenye bega la mama mkwe!

Nilizindukia zahanati, natetemeka ndani ya kanga ya mama mkwe. Muuguzi alikuwa ameshika kipimo.

"Malaria. Huna chandarua?"

Wakwe wote wakanitazama. Homa haikuniachia nguvu ya kudanganya.

"Ninacho. Nimewafunikia vifaranga. Mwewe wamezidi."

Koku akaangalia dari. Baba yake akakohoa.

"Yaani kuku wanalala ndani ya chandarua, na bwana mwenye historia ya malaria analala nje?"

"Ndiyo, tata."

"Basi binti yangu haendi nyumba hiyo mpaka mbadilishane."

Mama mkwe akajifunika uso kwa mikono. Mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Wapi!

Sasa nimelala kwao, dawa tumboni, naandika kwa kidole kimoja. Jirani yangu wa Bukoba, ukisoma haya, nenda bandani ukavue chandarua leo hii. Mwewe wakija, shauri yao na kuku. Na ukivua, tafadhali, usicheke.