Heliamu ya Shimo la Matofali

Jumatatu, 14 Julai

Baridi kali. Mama mkwe kafika jana kutoka Mwimbi na gunia la ulezi. Anatayarisha pombe ya kipaimara cha binti yetu Josefina, mwanzoni mwa Agosti. Ukoo wote unakuja. Mimi na mama mkwe, kama ada, hatusemeshani wala hatukaribiani. Nikiingia sebuleni, yeye anatokea mlango wa jikoni. Utaratibu mzuri sana, sina lalamiko.

Redio imesema tena: chini ya bonde la Rukwa kuna heliamu. Gesi ya kupozea mashine kubwa za hospitali na kompyuta mpya za kwanta, ambazo sijazielewa ila nimezipenda. Dunia nzima inaitafuta. Ijumaa kuna mkutano wa wadau wa sera ya sayansi hapa mjini Sumbawanga. Wadau! Wanakaa mbele na kunywa maji ya chupa. Jirani yangu Mwalimu Flavian, anayefundisha fizikia, kaalikwa. Mimi Wilibrodi, mzaliwa wa hapa hapa Milanzi, sikualikwa. Aibu kwa taifa.

Jumanne, 15 Julai

Nimekwenda nyuma ya nyumba kutazama shimo nililofyatulia matofali, lile ambalo maji yake hayakauki hata kiangazi. Linatoa mapovu! Juzi halikutoa. Mapovu madogo, yenye adabu, moja baada ya jingine. Heliamu imepanda yenyewe mpaka Milanzi kunitafuta.

Nimezungushia miba, nimeweka kigoda, nalinda mwenyewe. Mke wangu Margareth kaja kusema mama yake ana shida na lile shimo. Nikamkatiza. Nikamwambia hili sasa ni eneo la utafiti, mama atumie maji ya bomba.

Jumatano, 16 Julai

Jaribio la kwanza. Faneli juu ya mapovu, puto kwenye mdomo wa faneli. Maputo nimeyatoa kwenye mapambo ya Josefina. Sayansi ina gharama zake. Puto likajaa kiasi cha parachichi. Nikaliachia. Likaanguka. Nikapanda ngazi, nikaliachia tena. Likaanguka kutoka juu zaidi.

Flavian alikuwa akichungulia juu ya ua. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema heliamu ni nyepesi, lazima ipande. Nikamjibu kwamba vitabu vyake viliandikwa na watu wa pwani. Huku kwetu juu hewa ni nyepesi mno, kwa hiyo gesi inaonekana nzito. Alisema jibu analo, ila anawahi kipindi.

Jaribio la pili. Hewa ya puto nikaielekeza kwenye mshumaa. Ukazimika! Heliamu haiwaki, kila mtu anajua. Flavian, aliporudi, kasema hata pumzi yangu inazima mshumaa. Wivu tu.

Kinachoniudhi ni mama mkwe. Tangu asubuhi kasimama nyuma ya mikaratusi, kajitanda khanga, ananitazama mimi na shimo, shimo na mimi. Hawezi kusogea kwa sababu mimi nipo. Nami siondoki. Nani kamtuma? Namshuku Flavian. Jana niliwaona wakisalimiana.

Alhamisi, 17 Julai

Mapovu yameongezeka! Kuna na harufu, kali kidogo. Flavian kapaza sauti kutoka kwake kwamba heliamu haina harufu. Nimempuuza.

Margareth kaja tena, safari hii kafura. Kasema kuna kitu cha mama kinaharibika. Nikamwambia kinachoharibika ni maendeleo ya nchi, na wanaoyaharibu ni ndugu wa mke. Chakula cha jioni sikupewa. Baadaye Josefina kaleta ujumbe wa bibi yake. Sikumwacha amalize. Nikamwambia ampe bibi shikamoo yangu na asubiri mpaka Jumamosi.

Ijumaa, 18 Julai

Niliingia mkutanoni kwa kubeba katoni la maji ya chupa. Wataalamu wakaeleza kwamba sera ya utafiti lazima iwanufaishe wananchi wa eneo husika. Nikasimama. Nikasema mwananchi wa eneo husika ndiye mimi, na sampuli ninayo mfukoni. Nikatoa puto. Lilikuwa limesinyaa.

Dokta Lydia, mwanafizikia kutoka chuo kikuu, hakucheka. Akasema sayansi ni kupima, atakuja mchana na kifaa. Ukumbi ukapiga makofi! Flavian akatazama viatu vyake. Natamani siku ingeishia hapo.

Akaja, nusu ya mkutano nyuma yake. Akashusha kifaa, kikalia, akasoma: kaboni dayoksaidi. Akauliza shimoni kuna nini. Nikasema hakuna kitu, ni ardhi tupu. Akachukua ufito, akapekecha. Ufito ukanasa. Wanaume wawili wakavuta, likatoka gunia, limevimba, linachuruzika uji mweusi, na ile harufu ikaenea mtaa mzima.

Ndipo mama mkwe akatoka kwenye mikaratusi. Akapita katikati ya miba. Akasimama mbele yangu, uso kwa uso, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimwoe Margareth. Akaniita mkwilima, mume wa binti yake. Akasema ule ulezi aliuloweka Jumatatu nikiwa mjini, autoe Jumatano uote, upate kuwa kimea. Sasa umeoza. Akauliza ukoo utakunywa nini.

Nikamwambia shikamoo.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani kila mtu kaniuliza heliamu haijambo. Nimechoka na watu wa mji huu.

Josefina kalia. Kasema wenzake wote watakuwa na sherehe, yeye atakuwa na baba. Hilo limenichoma, nakiri. Mama mkwe kaagiza gunia jingine kutoka Mwimbi, ulezi wa mbegu, wa mwisho uliobaki nyumbani kwake. Likiwahi, pombe itawahi. Nimeapa mbele ya Margareth na msalaba wa ukutani kwamba shimo sitalisogelea.

Jumatano, 23 Julai

Gunia limelowekwa shimoni tangu juzi. Leo linatolewa. Nimetulia nyumbani kama mtu aliyefundishwa.

Saa ya taarifa ya habari, redio ikasema: biashara ya kaboni! Kuna miongozo, kuna fursa, wananchi wanahimizwa. Kaboni! Na nani anayo? Dokta Lydia mwenyewe, kwa kifaa chake, mbele ya mashahidi, alithibitisha kwamba ninayo. Sikusikia vizuri kama wanataka itolewe au izuiwe, Margareth alikuwa akitwanga. Hayo ni mambo madogo, wataalamu watayapanga.

Muhimu gunia lizidi kukaa, kaboni iongezeke. Nimerudisha miba. Kigoda kipo. Josefina katumwa kusema jambo, nimemwambia asubiri mpaka Jumamosi.

Naona mama mkwe anatoka kwenye mikaratusi. Safari hii ameshika mchi. Nitamwambia shikamoo.