Choo Kilitangulia

Jumapili, 11 Januari

Leo nimemaliza choo. Ni cha maranda ya mbao, hakitaki tone la maji, hakinuki, na ukikaa unaitazama ghuba yote. Shemeji yangu Nolberto amepita na mashua yake, akapunguza mwendo makusudi, akauliza kama nimefungua hoteli ya paka. Hosteli yake ng'ambo ya ghuba ni saruji tupu na jenereta lenye kikohozi. Mimi najenga nyumba ya wageni isiyoiumiza dunia. Umeme wa jua, maji ya mvua, mbao za zamani. Kwa sasa kuna choo, pipa la mvua na safu ya nguzo zisizobeba kitu.

Tatizo dogo. Nilishatangaza mtandaoni. Mtu na mkewe, wastaafu wa Santiago, wapenda ndege, watafika Jumamosi ya tarehe 24. Mke wangu Edelmira ameuliza kama watalala chooni. Nikamwambia nina mpango. Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Edelmira aliacha kazi ya upishi kwenye kantini ya kiwanda cha samaki kwa sababu yangu. Nilimwahidi jiko lake mwenyewe, lenye dirisha linalotazama maji. Sasa Nolberto, ambaye ni kaka yake, amemwambia jiko la hosteli halina mtu. Edelmira amenipa hadi hiyo tarehe 24. Wageni wakikosa paa, Jumatatu yake anaanza kazi kwa kaka yake. Mikate yake ya viazi, mezani kwa Nolberto! Afadhali nile tope.

Jumanne, 13 Januari

Nimepata. Ya nini kujenga wakati nyumba ipo?

Ng'ambo, mlimani nyuma ya hosteli, kuna nyumba ya marehemu bibi yao Edelmira na Nolberto. Ya mbao, imara, imefungwa tangu bibi azikwe. Nolberto amesema dada yake aichukue tu, nyumba isiyowashwa moto huoza. Tutaivuta kama wazee walivyovuta zao. Maksai waishushe hadi ufukweni, mapipa yafungwe chini yake, mashua ziikokote, ielee hadi kwenye nguzo zangu. Hakuna mti utakaokatwa. Nani ana nyumba ya kijani kuliko hiyo?

Kinachotakiwa ni minga tu, yaani majirani wote waje na maksai na mashua zao. Minga hailipwi. Unawalisha watu washibe, na siku yao ikifika nawe unakwenda. Kipande hicho cha mwisho sikipendi sana, kwa sababu mgongo wangu ni wa kuonewa huruma.

Nimebandika tangazo kwenye mlango wa kanisa. La rangi. "Njooni mshiriki utalii wa kijani."

Alhamisi, 15 Januari

Hakujitokeza mtu. Mbuzi wa padri amekula kona ya tangazo.

Doña Herminda, mwenye maksai wakubwa kuliko wote kisiwani, amenisimamisha njiani. Amesema minga haibandikwi, huombwa. Unakwenda mlango kwa mlango, kofia mkononi, unakaa, unakunywa unachopewa, ndipo unasema shida yako.

Basi nimezunguka kutwa. Kila nyumba wamenikaribisha vizuri, wakanimiminia chicha, pombe yetu ya matofaa, kisha wakaniuliza mgongo unaendeleaje. Sikujua mgongo wangu ni maarufu hivyo. Wanakumbuka kila kitu hawa watu. Siku ya kuinua paa la kanisa, mgongo. Siku ya banda la mashua la Nolberto, mgongo. Siku ya kuvuna viazi vya Doña Herminda, mgongo, ingawa jioni yake, amesema mwenyewe, ulicheza dansi mpaka mpiga kodiani akachoka. Halafu akaniambia mkono mtupu haulambwi, akaniongezea chicha.

Kisiwa kizima ni watu wa vinyongo. Nimerudi nyumbani nikiyumba na bila hata maksai mmoja.

Jumapili, 18 Januari

Edelmira amekwenda yeye, baada ya misa. Hakuchukua kofia. Kabla ya chakula cha mchana walikuwa wamekubali wote, mpaka wale wasiosalimiana. Nasikia aliwaambia wamtazame yeye, wasinitazame mimi. Nauhesabu huu kuwa ushindi wa mpango wangu.

Tumegombana kidogo juu ya chakula. Nilipendekeza curanto isiyo na nyama. Unachimba shimo, unaweka mawe ya moto, halafu badala ya kome na nguruwe na soseji, unaweka mwani, viazi na maharage. Ingependeza kwenye tangazo. Edelmira akasema sawa, na nyumba nayo tutaivuta kwa maharage. Nyama itakuwepo.

Halafu siku. Mwenye nyumba ndiye hupanga siku ya minga, ndiyo desturi. Doña Herminda amesema iwe kesho au keshokutwa, maji yako kwenye bamvua, yatajaa hadi kwenye majani. Lakini siku zote mbili redio inasema mawingu. Nani atakuja kwenye nyumba iliyopigwa picha ya kijivu? Nikasema Jumatano. Akasema Jumatano bamvua linaishia. Nikamwambia nimeangalia jedwali la maji la wanamaji. Sikuliangalia, ila lipo, nimewahi kuliona.

Jumatano, 21 Januari

Jua! Nilisema mimi.

Nyumba imeshuka mlima ikilalamika kila ubao, maksai mbele, kisiwa kizima nyuma. Nami nimeelekeza kwa mkono. Ufukweni wakaanza kufunga mapipa, na hapo moyo wangu ukaanguka. Mapipa ya plastiki. Ya buluu. Nyumba ya kijani, imevaa plastiki ya buluu kiunoni, na mimi ndiye nitakayeionyesha dunia nzima.

Walipokwenda kula, nikayafungua ya upande wa mbele na kuyaficha kwenye matete. Ya mbele tu, yale yatakayoonekana kwenye picha. Mimi si mjinga.

Kisha maji yakajaa na mashua zikavuta. Nilikuwa ndani kulinda moto, maana bibi alizoea kusema nyumba inayosafiri isizimiwe jiko. Nyumba ikaelea. Nilitoa mkono dirishani, nikapunga, nikapigwa picha. Nilijisikia kama askofu.

Birika ndilo lililoanza kuondoka. Liliteleza jikoni polepole hadi mlango wa mbele, halafu kiti, halafu mimi. Nyumba iliinamisha uso kama inayoamkia wazee. Maji yakanifika vifundoni. Nolberto, kwenye mashua ya kwanza, akaniuliza kwa sauti ya upole sana: "Shemeji, mapipa ya mbele yako wapi?"

Nikamwambia tutaongea baadaye.

Wakageuza, wakaikimbizia kwenye maji mafupi ya karibu. Ikakaa kwenye tope, wima, bila kuvunjika kioo. Mbele ya hosteli ya Nolberto. Doña Herminda aliyatazama maji yakipwa, akanitazama mimi, akasema bamvua ndilo hilo limekwisha, na nyumba haitanyanyuka tena mpaka mwezi mpevu.

Alhamisi, 22 Januari

Edelmira hasemi nami. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Nimechimba mfereji kwenye tope ili maji mafu, yale madogo ya baada ya bamvua, yatoshe kuinyanyua nyumba. Mfereji ulijaa tope nyuma yangu kadiri nilivyochimba mbele. Mgongo umeuma, safari hii kweli, na hakuna hata mmoja aliyeniamini. Hilo limenisikitisha kuliko maumivu.

Alasiri nikamwona anafunga sufuria zake na aproni. Niliogopa, naandika kama ilivyo. Miaka yote ile amepika kwenye sufuria za watu, na mimi nilichompa ni choo. Nikamwomba asiende kwa Nolberto. Akasema haendi kwa Nolberto, anakwenda jikoni kwake mwenyewe. Limekwama pale, basi na yeye atapikia palepale. Kisha akaniuliza kama nitapiga makasia au atapiga yeye.

Nikapiga mimi. Vibaya, lakini nikapiga.

Jumamosi, 24 Januari

Wamefika. Nolberto amewatandikia mbao kutoka ufukweni hadi mlangoni ili wasikanyage tope, na amezima jenereta lake mwenyewe, bila kuombwa, eti lisifukuze ndege. Mtu huyu hana aibu, anafanya wema mbele ya watu.

Maji yakajaa, bata maji wa shingo nyeusi wakaja hadi chini ya dirisha la jiko. Mama mgeni akashika mdomo. Akasema wamezunguka nchi nzima na hawajawahi kulala katika nyumba iliyokaribiana hivi na asili. Ukweli ni kwamba asili ilikuwa imeingia hadi kizingiti.

Tatizo dogo. Choo kiko ng'ambo, kwenye kiwanja changu. Nolberto amewapa vyoo vyake vya kuvuta maji, lakini wageni hawa ni watu wa msimamo. Walisoma tangazo, wanataka cha maranda. Nimewavusha asubuhi, nimewavusha mchana, nimewavusha baada ya curanto iliyobaki, ambayo ilikuwa na kome wengi.

Kila nikirudi namwona Edelmira dirishani kwake, mikono ina unga, anacheka na kaka yake. Safari ya mwisho amenipungia kijiko. Nikasahau makasia.

Jumatatu, 2 Februari

Mwezi mpevu, bamvua, na mawingu mazito. Hakuna aliyeniuliza habari ya siku.

Wamekuja wote tena. Mapipa pande zote, na Nolberto amekaa juu ya yale ya mbele kuyalinda, njia nzima, akila mkate wa viazi. Nyumba imevuka bila kuyumba, ikakaa juu ya nguzo zangu, jirani na choo, kama ilivyokuwa kwenye akili yangu tangu mwanzo. Edelmira amefungua dirisha la jiko. Maji yapo. Akanishika mkono wa shati, akasema ahsante. Kwa watu wote, na kidogo kwangu.

Nililia kidogo. Nikasimama mezani mbele ya majirani, nikasema kuanzia leo, atakayeniita kwenye minga, nitakwenda. Nilisema kwa moyo wangu wote. Wamenipigia makofi. Nolberto amenimiminia chicha kwa mkono wake.

Doña Herminda amefuta mdomo, akasema vema. Jumamosi anahamisha ghala lake la viazi. Kupandisha mlima. Nikasema bila shaka, Doña Herminda, mtu wa kwanza nitakuwa mimi.

Sasa nimekaa kitandani. Chini ya mbavu, upande wa kushoto, kuna kitu. Si maumivu hasa, ni kama salamu. Lakini mgongo ukishaanza hausikii la mtu, na Jumamosi nikianguka ghafla watasema mengi. Kesho nitaanza kuchechemea kidogo kidogo, ili wazoee.