Kulabu ya Mbwa Mbele ya Duka la Solbritt

Jumanne, 7 Januari

Nyuzi 21 chini ya sifuri. Leo nimemwona Solbritt akimkaripia mwanamume, na tangu hapo sijatulia.

Ilikuwa hivi. Dereva wa lori kutoka kusini, simjui, alimfunga mbwa wake kwenye kulabu iliyo nje ya duka, akaingia kununua sigara. Kijibwa chenyewe kidogo, nywele za kusokotana, kinatetemeka mpaka kengele ya shingoni inalia. Solbritt akaacha kaunta. Akaacha foleni! Akamvuta yule bwana hadi nje, mwenyewe bila koti, akampa vidonge vyake. Hana utu. Hana haya. Angefungwa yeye hapo na chupi tu, aone. Dakika kumi na moja, nilizihesabu. Na katikati ya maneno akamshika mkono! Hapa, juu ya kiwiko.

Mimi nimenunua maziwa kwa Solbritt miaka mitatu. Katika miaka hiyo ameniambia maneno mawili: "Mfuko?" na "Risiti?" Nami nimemjibu "Hapana" na "Hapana." Kwa hapa kwetu Kvarnselet hayo ni mazungumzo marefu, lakini hanishiki kiwiko.

Na Jumatatu ndiyo siku ya kuutupa mti wa Krismasi. Watu huingia ukumbini wawili wawili, hucheza wakiuzunguka mti, halafu asiye na mwenza ndiye huuburuta nje. Mwaka jana niliuburuta mimi. Mwaka juzi, mimi. Majani ya ule mti yaliyo kama sindano niliyatoa kwenye fulana mpaka mwezi wa tatu. Nina miaka sitini na moja na mgongo wangu una haki zake. Mwaka huu naingia na Solbritt. Basi.

Kizuizi: Ragnvald, fundi wa pikipiki za theluji. Mabega kama kabati. Tangu Novemba anatangaza gereji nzima kwamba atamwalika Solbritt yeye. Mpaka leo hajamwalika. Mwoga mkubwa yule.

Uamuzi: nahitaji mbwa.

Jumatano, 8 Januari

Dada yangu Gudrun ana mbwa, nimekwenda kumwazima. Akauliza wa nini. Nikasema wa kunipa kampani. Akauliza kama haya yanamhusu Solbritt wa dukani. Nikasema Solbritt gani. Akasema, "Sixten, mdogo wangu, si umwambie tu? Mdomo unao." Nikamweleza kwamba mambo hayaendi hivyo. Alicheka mpaka akakohoa. Amenipa mbwa hadi Jumapili jioni.

Mbwa anaitwa Ture. Wa kuwinda, manyoya kama godoro jipya. Gudrun anasema hulala nje kwenye theluji kwa hiari yake, na ukimwingiza ndani analalamika. Sikumsikiliza. Baridi ni baridi.

Saa nne asubuhi nikamfunga kwenye kulabu. Nyuzi 24. Nikaingia, nikasimama mbele ya jibini dakika arobaini. Nimesoma karatasi za jibini zote. Solbritt akachungulia dirishani. Hapo sasa! Nikajiweka tayari, kidevu chini, uso wa mkosaji kabisa. Akasema, "Mbwa mzuri. Hao wanapenda baridi." Halafu: "Mfuko?"

Nikatoka. Ture amelala chali kwenye theluji, miguu juu, anacheka. Msaliti!

LAKINI. Chini ya mkanda wake wa shingoni, karatasi. Imekunjwa mara mbili, wino wa buluu. "Wewe mwenye mbwa. Nyuzi 24. Ungekuwa wewe je? Huna hata aibu?" Bila jina.

Hapa kwetu jambo zito halisemwi, linaandikwa. Kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu ukuta mzima ni vikaratasi: aliyeacha soksi ajifikirie, aliyemaliza sabuni anajulikana. Kwa hiyo nimeketi nikapiga hesabu. Wageni Solbritt huwakaripia kwa mdomo. Anaowaheshimu, kwa karatasi. Ni yeye! Alitokaje kaunta nisimwone? Nilikuwa nimegeukia jibini.

Alhamisi, 9 Januari

Nimemjibu. Karatasi chini ya mkanda wa Ture, bila jina, kama alivyofanya yeye. Nilipanga mistari miwili tu. Kalamu ikakimbia. Nimeandika: "Aibu ninayo. Asante kwa kunikaripia, hakuna aliyenikaripia miaka mingi. Niko humu dukani karibu kila siku na bado sijui kusema na watu. Nyumbani nala chakula nimesimama, kwa sababu nikikaa mezani nakiona kile kiti kingine."

Nilitaka kuufuta mstari wa mwisho. Wino haufutiki.

Dakika arobaini na tano kwenye jibini. Solbritt akauliza, "Unatafuta kitu fulani, au unaangalia tu?" Maneno sita kwa mpigo! Nikamjibu "Hapana." Mpumbavu mimi!

Nje, jibu: "Sikujua. Nisamehe kwa ukali wangu. Mimi kila asubuhi naweka vikombe viwili vya kahawa, halafu kimoja nakirudisha kabatini. Mpe mbwa hii."

Na hii ni skafu! Nyekundu, ya kufuma, mishono imepangana kama meno ya kitana. Huu ni mkono wa mwanamke. Hakuna mwanamume wa Kvarnselet anayeweza kufuma hivi. Kesi imefungwa.

Nimemvisha Ture. Akaivua, akaifukia kwenye theluji, akaikojolea. Nimeipeleka chumba cha kufulia nje ya zamu yangu. Nilipofika kuitoa, kikaratasi kilishabandikwa kwenye mashine.

Kuhusu vikombe viwili, nimekuwa nikiviwaza mchana kutwa.

Ijumaa, 10 Januari

Nyuzi 29. Ture amekataa kukaa ndani, yuko kwenye baraza na anakoroma. Mimi ndiye ninayetetemeka.

Barua imezidi kuwa tamu. Nilimuuliza anapenda nini. Anasema samaki wa kukaanga, na kimya, lakini kimya cha watu wawili. Ameandika pia kwamba watu humwogopa kwa sauti yake nzito, kumbe ndani ni mwoga kuliko sungura. Nimeifikiria sauti ya Solbritt. Sikuwahi kuiona nzito. Lakini mtu anapokufungulia moyo hutakiwi kumchunguza koo.

Nikiwa pale kwenye jibini akaingia Ragnvald. Ananuka sabuni, nywele kazichana na maji. Kanunua mikate ya iliki, akaniambia bila kuulizwa nianze kuunyoosha mgongo, mti wa mwaka huu ni mkubwa. Nikamwambia tutaona nani ataburuta nini. Akatabasamu kama mtu mwenye siri. Halafu akanipiga bega, eti, "Pole, kaka. Kutumwatumwa si kazi rahisi." Kutumwa na nani? Mwendawazimu.

Jambo jingine. Ture ananenepa. Kuna mtu anamlisha soseji.

Jumamosi, 11 Januari

Jamani! Jamani, jamani!

"Kesho saa tisa alasiri, duka likishafungwa, hapo hapo penye mbwa. Nitavaa kofia ya kijani. Nataka kukuomba jambo kuhusu Jumatatu."

Nimepiga pasi shati. Nimekata nywele za pua. Nimefanya mazoezi ya kusema mbele ya kioo: "Ndiyo." Mara thelathini. Nilipoizoea nikaongeza "kwa furaha," lakini hapo sauti inakwama. Nitabaki na "Ndiyo."

Ragnvald ataburuta mti. Nitasimama mlangoni nimtazame, na Solbritt kwenye mkono wangu.

Jumapili, 12 Januari

Naandika kwa sababu lazima mtu ajue.

Nilifika saa tisa kasorobo na mikate sita ya iliki niliyoioka mwenyewe. Nikamfunga Ture kwenye kulabu. Saa tisa kamili akatokea Ragnvald.

Nikamwambia aende zake, namsubiri mtu. Akasema niende mimi, yeye ndiye anayemsubiri mtu. Nikamwambia barabara ni ndefu, kwa nini asimame hapa. Akasema yeye ni mlipa kodi. Tukasimama. Nyuzi 26. Dakika kumi na mbili tumetazama pande mbili tofauti, kila mmoja akiomba mwenzake agande kwanza.

Ndipo Ture akamrukia. Si kumng'ata! Kumlamba. Akaingiza pua mfukoni mwa Ragnvald kama mtu anayejua droo za nyumbani kwake, akatoka na soseji.

Nikamtazama Ragnvald vizuri. Kofia yake ilikuwa ya kijani.

Naye akaona mikate mikononi mwangu, akaiona skafu nyekundu shingoni mwa mbwa, imefuliwa, imepigwa pasi. Uso wake ukabadilika polepole. Akatoa karatasi kifuani. Mwandiko wangu! Akasema kwa ile sauti nzito, ila ndogo, "Wewe ndiye unayekula umesimama?"

Nikasema, "Wewe ndiye wa vikombe viwili?"

Tulitamani ardhi itumeze, lakini hapa kwetu mwezi huu imeganda mita nzima.

Yakafuata maelezo. Aliposoma kwamba mwandishi yuko humu dukani kila siku, akajua ni Solbritt, na mbwa ni wa Solbritt. Nikamuuliza, hukuniona nikimfunga mimi? Akasema aliniona! Alidhani natumwa kumtembeza mbwa wa watu, akanionea huruma. Nikamuuliza nani aliyefuma. Akaishusha kofia hadi nyusi. Nikarudia. Akasema alifundishwa na mama yake, na nikimwambia mtu yeyote atanifungia kwenye hiyo kulabu. Nikasema mishono imekaa vizuri. Akasema skafu si kitu, ugumu uko kwenye kisigino cha soksi.

Nilikasirika. Nilikasirika sana! Siku nne nimemwaga moyo wangu kwa fundi pikipiki. Lakini mikate ilikuwa imeanza kuganda, na yeye alikuwa na kahawa kwenye chupa. Alikuwa amebeba vikombe viwili. Akanimiminia, na mimi nikapokea.

Gudrun alikuja kumchukua Ture akatukuta tumekaa kwenye ngazi za duka, tunatafuna. Akauliza kulikoni. Tukasema kwa pamoja: hakuna.

Jumatatu, 13 Januari

Nimeingia ukumbini na Ragnvald. Wawili wawili ndiyo sheria. Mlangoni tulipita tukinong'onezana, wewe sogea huko, sogea wewe.

Saa moja Solbritt akaingia. Gauni la buluu. Na mkononi mwake nani? Dereva wa lori! Yule yule wa kusini, na kijibwa chake kimevaa sweta. Gudrun, ambaye haoni haya kuuliza watu mambo, akamwuliza Solbritt ilikuwaje. Solbritt akasema alimkaripia Jumanne, bwana akarudi Jumatano kuomba radhi. Akaomba radhi kwa mdomo, akamwalika kwa mdomo, basi. Gudrun akageuka akanitazama. Mimi nikatazama dari.

Solbritt pia akanitazama. Akasema, "Sixten! Wiki nzima nilikuwa nasubiri useme jambo. Hakuna mtu anayependa jibini kiasi hicho." Nikamjibu. Nilimjibu lile neno nililolifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nilisema "Ndiyo." Halikuwa jibu la chochote.

Mwaka huu wote walikuwa na wenza, kwa hiyo mti tulijitolea kuuburuta sisi wawili. Ragnvald alishika upande wa shina, ule mzito, bila kuambiwa. Nje tukausukuma kwenye theluji, tukapumua. Kisha tukarudi kula. Samaki wa kukaanga. Nilipomaliza sahani ya pili ndipo nikagundua kwamba nimekula chakula chote nimekaa. Sikumwambia. Nadhani aliona, maana alinisogezea viazi na kutazama pembeni.

Halafu tukazungumza kama watu wazima, tukafikia ukweli wenyewe. Dawa ni nzuri! Imefanya kazi, ila kwa mtu mwingine. Mwanamke yule akimkaripia mtu, humpenda, hilo dereva amelithibitisha. Kosa letu lilikuwa mbwa. Manyoya mengi mno! Ture hawezi kuonewa huruma hata ukimtumbukiza ziwani. Anatakiwa mbwa anayetetemeka. Na dereva anarudi kusini keshokutwa, lori haliwezi kumsubiri mpaka mapenzi yamwishe.

Ragnvald ana shangazi mji wa pili. Shangazi ana mbwa wa nchi za joto asiye na unyoya hata mmoja, anatetemeka hata akiwa ubavuni mwa jiko. Ragnvald atamleta Alhamisi. Atamfumia sweta moja, jembamba kwa makusudi. Gudrun alipita akasikia, akauliza kwa nini mmoja wetu asiende tu kaunta akasema. Tukamwonea huruma. Hajui chochote kuhusu wanawake.

Tumegawana siku kiungwana, kwa kupeana mikono. Alhamisi kulabu ni yangu, Ijumaa ni yake. Alinishukuru kwa kumwachia Ijumaa, siku yenye wateja wengi. Karibu nilie, jinsi alivyonishukuru.

Ijumaa duka litakuwa limefungwa, Solbritt anahesabu bidhaa. Kikaratasi cha kutangaza hilo kilikuwa mlangoni tangu juzi. Nimekikunja, kiko mfukoni mwangu.