Tupa ya Marehemu Baba

Jumanne, 4 Machi
Nimevunja kisu cha mke wangu nikifungulia kopo la rangi. Zawadi ya mama yake, na mama yake anakuja Jumapili! Nimeficha vipande juu ya kabati. Nitatengeneza kingine kwa mkono wangu, na hakuna atakayegundua. Kununua ni kwa wasio na kipaji.

Jumatano, 5 Machi
Nimemchimba shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea, mtu wa kujisikia. Anasema chuma cha kisu hupimwa kwa meno ya tupa, ile ya kunolea. Ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikikwangua ikatoa unga, ni laini, katengenezee bawaba. Nikajifanya nilijua tangu utotoni.
Sandukuni nimepata tupa ya marehemu baba. Nyeusi, imesagika, ukiipitisha shavuni unabembelezwa. Chombo cha heshima!

Alhamisi, 6 Machi
Maajabu! Kwa muuza vyuma chakavu nimepima rundo zima. Springi ya lori: inateleza. Kitanda kilichovunjika: inateleza. Mfuniko wa pipa: inateleza! Mzee wa watu amekalia hazina hajui. Springi ilikuwa nzito na ina grisi, nikachukua kipande bapa cha kitanda. Akaniuliza kama nina homa.
Nyumbani nimepima bawaba, ndoo, sufuria. Vyote vigumu! Hata kijiko cha plastiki kimefaulu. Hilo nitalitafakari nikipata nafasi.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kanikuta nagonga nyundo. Akakichukua chuma changu, akakikunja gotini kama gazeti. Nikamwambia wivu humpa mtu nguvu za ajabu. Akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba aione tupa. Thubutu! Nikaikalia.

Jumamosi, 8 Machi
Kisu tayari, na mpini wake ule ule wa zamani. Kinameta! Nimekinoa mpaka kidole gumba kikatoka damu, kwa kukwaruzwa na jiwe. Mke wangu alikitazama, akanitazama, akaniambia pole na kazi. Hajashtuka!

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaingia, kaulizia kisu chake, kakidunga kwenye boga. Boga halikushtuka. Kisu kikainama polepole, kama mtu anayefunga kamba za viatu. Akakigeuza huku na huku, akauliza, mkwe wangu, hiki nikatie au nichotee mchuzi?
Mke wangu akainuka. Alipanda kiti, akashusha vile vipande juu ya kabati. Kumbe alivijua tangu Jumanne! Alitaka tu aone baba watoto atafika wapi.
Boga limepasuliwa na shemeji, kwa shoka, kwa madaha. Mimi nimeapishwa mbele ya familia nzima kwamba sitagusa tena kisu cha nyumba hii. Nimeapa.

Jumatatu, 10 Machi
Shemeji kaniletea tupa mpya, eti yangu haina jino hata moja, eti hata ukucha haiuwezi. Nimeijaribu kwa moyo mweupe. Ovyo kabisa! Inakwangua bawaba, inakwangua ndoo, inakwangua kitanda. Ukiisikiliza hiyo, duniani hakuna chuma kigumu. Nimemrudishia kwa adabu, nikamwambia ameuziwa mbovu.
Nimerudi kwa ya baba. Jioni hii imeteleza vizuri mno kwenye geti la jirani.
Niliapa kuhusu kisu. Panga halikutajwa.