Malalamiko Kuhusu Kiti cha Kulala cha Mama Yangu

Saint Paul, Minnesota
9 Machi 2015

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Shirika la Ndege la Coronado

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salamu nyingi, nikitumaini kwamba wewe na wote mliopata faida mwaka huu hamjambo. Mimi ni Cyrus Muriuki, msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee hapa Saint Paul. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu kijitabu chenu kinasema, kwa herufi kubwa, kwamba mnazungumza lugha ya kila mteja. Nilifurahi sana kusoma hivyo. Binti yangu Lois amekataa kunitafsiria. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba jambo hili ni aibu, nami nikakubaliana naye, ingawa nadhani kila mmoja wetu alikuwa na aibu yake.

Kwa miaka sita nimebeba kadi ya mkopo ya Prairie Wings, lile shirika letu la ndege la hapa Minnesota mlilolimeza Januari. Kila dola niliyolipa kwa kadi hiyo ilinipa pointi moja, na pointi hizo zilikuwa na kazi moja tu: kumleta mama yangu, Keziah, kutoka Kerugoya aje awaone wajukuu wake. Ana miaka sabini na minne na magoti yake yamechoka. Viza yake ya pili inaisha Septemba. Kiti cha mbele, kile kinachokunjuliwa kikawa kitanda, kilihitaji pointi 120,000. Mimi ninazo 131,000. Nilikuwa nimeshakaa mezani kukata tiketi ndipo barua yenu ikafika, ikanipongeza kwa kujiunga na familia kubwa zaidi, na kunijulisha kwamba kiti hicho sasa ni pointi 200,000. Asanteni kwa pongezi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmeoana bila kutuambia. Kwetu, mtu akitaka kuoa hutuma wazee, wakaketishwa, wakapewa chai, wakaulizwa maswali mpaka wakatokwa na jasho. Sisi wa upande wa Prairie Wings tulisoma habari za harusi kwenye gazeti ambalo mtu alilisahau ndani ya treni ya Green Line. Hatukualikwa hata kuosha vyombo.

2. Pointi zangu sikuziokota barabarani. Sisi Wakenya wa hapa tukiwa na harusi au msiba, tunachanga, na watu hutoa pesa taslimu. Basi nilijitolea kuwa mweka hazina wa kamati zote. Napokea pesa za watu, naziweka benki, halafu nalipa kila kitu kwa kadi yangu. Watu wakanisifu kwa moyo wa utumishi, na mchungaji akanitaja kanisani mara mbili. Kwa ajili yenu nilimwacha mkulima mwenye mbuzi wanono, kwa kuwa hakupokea kadi, nikaenda kwa mwingine ambaye mbuzi wake walikuwa wamekula chumvi nyingi. Wageni wa harusi ya Francis bado wananitazama vibaya. Mwaka jana tulisafirisha majeneza matatu kwenda nyumbani, Mungu awalaze pema, na yote niliyalipia mimi. Kila marehemu alimsogeza mama yangu karibu kidogo na Minnesota. Sasa niambie, nikikutana nao huko mbele nitawaeleza nini? Kwamba masharti yamebadilika?

3. Kadi ya zamani ilikuwa na picha ya bata akiruka juu ya ziwa. Hii mpya ina ufuko wa bahari na mwanamke mwenye miwani ya jua. Niliifungua bahasha nikiwa nimevaa makoti mawili. Mliagiza niikate ile ya zamani kwa mkasi, nami nikaikata, na kwa kweli niliumia.

4. Nilipiga simu. Baada ya dakika hamsini na saba, dada mmoja mwenye adabu sana alinieleza kwamba pointi zangu hazijapungua hata moja. Hilo ni kweli kabisa. Hata mshahara wangu haujapungua, ni kodi ya nyumba tu iliyopanda.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu ufanye moja kati ya mambo haya. Nipe kiti kile kwa bei ya zamani. Au vunjeni ndoa, mturudishie shirika letu likiwa vile vile mlivyolichukua. Au tumeni wazee wenu nyumbani kwangu Jumamosi, waje na sukari, na mablanketi ya akina mama, na mbuzi. Mbuzi wawe wanono. Mkiwalipia kwa kadi, pointi ni zangu.

Nisalimieni marubani wote, wahudumu wa ndani, wapakiaji wa mizigo, na yule dada wa simu, ambaye hana kosa. Mke wangu Rahab angewasalimu pia, ila tangu barua yenu ifike haongei na mtu.

Ni mimi niliyebaki chini,
Cyrus Muriuki

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha nilimpigia mama simu, nikamsomea barua yote ili ajue jinsi ninavyompigania. Alicheka pale kwenye mbuzi. Kisha akauliza kiti cha kawaida, cha nyuma, kinahitaji pointi ngapi. Nikamwambia zamani 80,000, sasa 100,000. Akauliza hizo 80,000 nilizifikisha lini. Mheshimiwa, ilikuwa Juni 2013, akiwa na viza yake ya kwanza mkononi. Nilimwambia angoje kidogo kwa ajili ya magoti. Na nikisema ukweli wote, nilitaka Kerugoya nzima isikie kwamba mamake Muriuki alikwenda Amerika amelala. Viza ile iliisha akingoja.

Nilipomtajia mwezi huo, mama akasema, “Mwanangu, mimi ningekuja nimeketi tu.”

Tafadhali puuza nambari 1 hadi 4, na wazee wasije. Naomba kiti kimoja cha kawaida, popote, hata kando ya choo, kabla ya Septemba. Pointi zinatosha. Zilikuwa zinatosha.