Makumbusho ya Reli Sebuleni Kwangu

Jumatano, 11 Juni 2025. Usoke.

Habari kubwa! Mama Consolatha, mtaalamu wa mambo ya kale kutoka Tabora, anakuja Jumamosi. Atachagua mtunzaji wa makumbusho ya reli yatakayofunguliwa kwenye ghala la stesheni. Tuko wawili: mimi na jirani yangu Sixbert, fundi reli mstaafu. Yeye ana taa ya kupungia treni, firimbi na kofia. Mimi sina kitu. Lakini nina akili! Cheo hiki nakitaka kuliko chakula.

Alhamisi, 12 Juni

Nimeanza kukusanya vitu sebuleni. Pasi ya mkaa ya mke wangu Asnath nimeibandika karatasi: "Pasi ya Stesheni Masta Mjerumani." Asnath akauliza Mjerumani huyo ana undugu gani na Mama Pelagia wa gulioni, maana ndiye aliyetuuzia. Hajui historia. Sixbert naye akachungulia dirishani, akauliza kama tunahama. Mshenzi!

Ijumaa, 13 Juni

Nimepata! Kengele ya kanisani ni kipande cha reli ya zamani ya Mjerumani. Kinaning'inia pale kila mtu anakigonga tu. Watu wote walikuwa kwenye soko la tumbaku. Nikakifungua, nikakipakia kwenye baiskeli. Kizito! Mgongo umekwisha. Mahali pake nimetundika rimu ya gari. Si wizi, ni uhifadhi.

Jumamosi, 14 Juni

Mama Consolatha kafika. Nikamwamkia shikamoo ingawa ni mdogo kwangu. Akaitikia marahaba bila hata kupepesa macho. Akashika pasi, akaiachia haraka. Ya moto! Kumbe Asnath alinyooshea gauni asubuhi. Nikaeleza kwamba chuma cha Mjerumani hutunza joto. Akaandika kitu. Sikupenda alivyoandika.

Lakini alipoiona reli, uso ukamchangamka. Akauliza inatoa sauti gani. Nikashika nyundo, nikagonga kwa nguvu zangu zote.

Nilisahau mwano, mwito wa hatari! Hapa kwetu kengele hiyo ikilia nje ya saa za ibada, maana yake mwizi kaingia, na asiyetoka na silaha anatozwa faini na sungusungu. Wakaja wote. Marungu, mapanga, bibi mmoja na mwiko. Sixbert mbele, kofia kichwani. Wakauliza mwizi yuko wapi. Kisha wakaiona kengele yao sebuleni kwangu.

Nikajificha nyuma ya Mama Consolatha. Yeye akajificha nyuma ya Asnath. Asnath akawaambia mwizi ndiye huyu, ila wasimvunje mikono, maji atachota nani. Aibu gani hii!

Jumatatu, 16 Juni

Mtunzaji ni Sixbert. Nimelia, sitajidanganya. Mzee wa kanisa, Silasi, kanipa adhabu: kengele nimeirudisha, na mwezi mzima nitaigonga mimi. Nyundo nimekabidhiwa jana ibadani mbele ya washarika wote. Wamecheka mpaka kwaya ikashindwa kuanza.

Wacheke tu. Nimekaa nikafikiri. Kijiji kizima kilikuja mbio, hata wagonjwa! Sixbert na taa yake atawapata wapi watu wale? Jumamosi mchana nitagonga tena, ghafla. Safari hii nitaizungushia kengele kamba mapema na kuacha mlango mmoja wa kulipia kiingilio. Tiketi nimeshaanza kuzikata kwenye boksi la sabuni.