Mtoto Niliyemzaa Jumatatu

Jumatatu, 2 Septemba
Nimepata mtoto wa kiume! Ana miaka ishirini na saba na anavaa buti namba kumi na mbili. Haya, sasa ndiyo nikusalimu, daftari langu. Hujambo.

Anaitwa Nako. Ametoka Tanna, kule Vanuatu, kuja kuchuma matikiti hapa Katherine, kaskazini mwa Australia. Wiki mbili nzima Roslyn, wifi yangu wa kuhesabiana ukoo tu, si wa ndoa, amekuwa akimpelekea mkia wa kangaruu. Mkia mzima! Nikajua huyu mwanamke ana lake. Mgeni hawezi kukaa kwetu sisi wenyeji wa asili hivi hivi. Lazima awe mtoto wa fulani, ndipo watu wajue wamwiteje, nani amtanie na nani amstahi. Basi leo saa ya chakula nimesimama mbele ya watu wote, nikamshika bega, nikasema huyu ni mwanangu, fungu lake la ukoo ni fungu la wanangu. Wazee wakaitikia. Imekwisha. Roslyn alikuwa chooni.

Binti yangu Shanelle, mwanamke pekee shamba zima mwenye leseni ya foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo (nimeshaliandika hili, naliandika tena), aliposikia aliangusha sanduku la matikiti. Furaha ya kupata kaka.

Jumatano, 4 Septemba
Nimempeleka mwanangu mtoni kuvua. Anashika mambo upesi, kama wanangu wote. Nimemwonyesha mjomba wake ni yupi, bibi yake ni yupi, wa kutaniwa ni nani. Nimemwambia siku akipata mama mkwe asimtazame, asiseme naye, wala asipande naye gari moja. Akaandika kwenye kiganja.

Shanelle alikaa nyuma ya gari, katupa mgongo. Kwetu kaka na dada wakishakua hawazoeani, kwa hiyo nikamsifu kwa adabu. Akalia. Adabu imemzidi.

Alhamisi, 5 Septemba
Msiba.

Shanelle na Nako wanapendana tangu Julai. Wiki sita! Mimi, ninayejua hata mbwa wa jirani analala wapi, sikujua. Walipanga kuja kuniambia Jumanne. Mimi nimemfanya mwanangu Jumatatu.

Nikajaribu kucheka. Shanelle hakucheka. Akasema, "Mama, umenizalia kaka ambaye sikukuomba."

Kaka ni kaka. Kwetu hilo halina mlango wa nyuma. Ameteremsha begi toka juu ya kabati. Jumatano ijayo anapanda basi la Darwin kwa dada yangu, na anasema harudi. Binti yangu wa foklifti!

Ijumaa, 6 Septemba
Mpango wa kwanza. Saa ya chakula nikasimama tena, nikasema Jumatatu jua lilikuwa kali, kichwa hakikuwa changu, namrudisha Nako. Mzee mmoja akauliza kama nimebaki na risiti. Watu wakacheka hadi wakaweka sahani chini.

Nako hakucheka. Alinifuata akauliza amekosa nini. Kumbe ameshampigia mama yake simu Tanna kumwambia kapata mama wa pili, na yule mama kalia, anasuka mkeka wa kunitumia. Mkeka! Nikarudi nikatangaza kwamba nimebatilisha kubatilisha. Sahani zikawekwa chini tena.

Jumapili, 8 Septemba
Nimemwendea mama yangu. Alikuwa anacheza karata na wenzake na anashinda, kwa hiyo hakuinua uso. Nikaeleza yote, nikalia kidogo, nikamkorogea chai. Akatupa karata mbili. Akasema njia ni moja: kama kuna mtu alimwita Nako mwanawe kabla yangu, basi langu ni upepo. Na huyo mtu awe wa upande ule ambao vijana wao huoa kwetu.

Upande ule! Yaani upande wa akina Roslyn.

Afadhali nile chura.

Jumanne, 10 Septemba
Nimekwenda kwa Roslyn. Basi la Darwin ni kesho, ningefanyaje. Nilibeba nusu ya samaki, ile nusu yenye kichwa. Akaniacha nimesimama uani mpaka moto wake ukolee, mpaka mkia wake uive, mpaka amalize kulamba vidole. Nikamwambia shida yangu. Nikasema tafadhali. Sijawahi kumwambia Roslyn tafadhali.

Akasema, "Mimi nilimwita mwanangu Jumapili ile kabla ya Jumatatu yako, wifi. Mtoni, dada zangu wawili wakisikia. Nilinyamaza nione mbio zako zitaishia wapi."

Siku tisa! Siku tisa ananitazama! Nikamkumbatia hata hivyo, maana dada zake wameapa ni kweli, na mama yangu kakubali. Shanelle amerudisha begi juu ya kabati na kuniita mama kwa sauti yake ya zamani.

Nilipofika langoni Roslyn akanikumbusha kwamba kuanzia sasa mimi ni mama mkwe wa Nako. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa na hadithi nyingi za kumpa.

Alhamisi, 12 Septemba
Nimepanda basi la wachumaji, Nako akarukia nje kwa dirishani. Dukani aliponiona akageukia mafriza, akasimama hapo uso umezama kwenye kuku wa barafu mpaka nilipomaliza kulipa. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Adabu gani hiyo! Na nani kamfundisha? Mimi. Nimewaambia wote dukani, pamoja na mwenye duka, mara mbili.

Jumamosi, 14 Septemba
Habari kubwa. Jana wameletwa wachumaji wapya toka Timor. Yumo msichana, Filomena, anabeba masanduku mawili kwa mpigo na anacheka na kila mtu. Leo saa ya chakula nikamwona Roslyn anamtazama. Nikanyanyuka kabla hajameza, nikamshika yule msichana bega, nikatangaza: binti yangu! Wazee wakaitikia. Hajaniwahi safari hii.

Nikampigia simu mwanangu mkubwa, Clayton, dereva hodari kuliko wote, ndiye aliyeendesha basi lililowaleta toka Darwin, saa nne nzima njiani, Filomena kiti cha mbele karibu naye. Nikamwambia amepata dada. Nikasikia basi likifunga breki ghafla. Furaha, bila shaka.

Karamu ya Shanelle na Nako ni kwa mama yangu, Nako uani nyuma, mimi barazani mbele. Upande wa Roslyn wote, upande wetu wote, Clayton na dada yake mpya wakae mbalimbali, kwa adabu: Jumamosi ijayo, tarehe 21, saa kumi jioni.